Nesi Hayupo

Mimi ni msusi, na msusi hachanganyikiwi kirahisi. Ukishazoea kushika nywele za mtu huku anakulilia habari za mumewe, na mwanawe anakuvuta sketi, na mwenye kibanda anataka umpishe afagie, kichwa chako kimeshakomaa. Lakini wifi yangu alinichanganya mpaka siku moja nikamsuka mteja mistari ya kulia ikaenda mbele na ya kushoto ikarudi nyuma. Akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, "Msusi, hii ndiyo staili mpya?" Nikamwambia ndiyo. Ningesema nini tena.

Huyo wifi ni mke wa mdogo wangu, fundi mwashi. Tunakaa ua mmoja, wao chumba cha mwisho, mimi cha pili kutoka mlangoni. Mtaani wanamwita Pasi, na jina hilo alilipata kwa haki. Anafanya kazi kwa dobi, kule nyuma ya pazia, kupiga pasi tangu asubuhi mpaka jua linapoanza kulegea. Mwenye duka anakaa mbele, anapokea nguo na kuchekeana na wateja. Pasi yuko nyuma na joto lake. Hawezi kuona mkunjo akaupita. Tulikwenda msibani siku moja, badala ya kumpa mfiwa mkono akamnyooshea kwanza kola. Mfiwa mwenyewe akaacha kulia kidogo, akamtazama.

Mtu wa namna hiyo akipata mtoto, unajua atakavyomlea. Binti yao tunamwita Kibonge, kwa sababu alizaliwa mnene na hakuona sababu ya kupungua. Nepi zake zilikuwa zimenyooshwa. Nepi, jamani. Nilimwambia, "Wifi, hiyo kitu itakojolewa sasa hivi." Akanijibu, "Itakojolewa ikiwa imenyooka."

Zile chanjo za mwanzo hakukosa hata moja. Alikuwa anaamka, anamwogesha Kibonge, anamvika gauni lake la kutokea, anambeba kwa mbeleko iliyopigwa pasi, huyo anaondoka. Gauni la kutokea lilikuwa moja tu, na lilitosha, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa hatoki ila kliniki.

Sasa ngoja nikuambie habari ya lile benchi la kliniki, maana mwanamume hawezi kulijua. Lile benchi ni maonyesho. Hakuna aliyetunga sheria, lakini watoto wanakuja pale wamevaa kuliko mama zao. Mtu ana soksi na kofia ya sufi kwenye joto la kupasua kichwa. Ukija na mtoto aliyevaa fulana iliyochakaa, hakuna atakayekufukuza. Watasogea kidogo upande wa pili tu, nafasi ibaki kati yako na wao, na utaijua maana yake. Kisha kichekesho ni kwamba ukifika ndani nesi anakuambia mvue mtoto. Anapimwa akiwa uchi, anachomwa akiwa uchi, urembo wote umeishia mlangoni.

Kibonge alinenepa, gauni likamkataa. Mara ya mwisho alipovikwa, mikono ilisimama wima kama amekamatwa na polisi. Mama mmoja pale kwenye benchi akacheka, akasema, "Kumbe mganga hajigangi. Dobi anafua za watu." Pasi alinisimulia hayo huku anacheka, nami nikacheka, yakaisha. Mimi nilidhani yameisha.

Ikafika zamu ya sindano ya surua, ile ya miezi tisa. Siku hiyo Pasi aliondoka mapema sana, mimi bado napiga mswaki. Alirudi upesi mno, uso umempauka, mtoto amefunikwa mbeleko mpaka kichwani. Nikamuuliza, "Vipi, amelia sana?" Akasema, "Hajachomwa." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Nitakwenda siku nyingine," akaingia ndani, akafunga mlango. Pasi hafungi mlango mchana.

Siku nyingine ikafika. Akaenda, akarudi. "Nesi hayupo," akasema, na nakuapia, alikuwa anatabasamu. Kliniki iliyofuata, hivyo hivyo: akaenda, akarudi, "Nesi hayupo." Na lile tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

Basi mimi nikaanza kujiuliza. Nesi wa chanjo pale ni mmoja, yule mfupi mwenye sauti ya kukoroma, na ninavyomjua hata akiumwa anakuja kukoholea kazini. Jioni ile ile nikamsuka mama mmoja, mtoto wake ana alama ya sindano begani, amechomwa asubuhi hiyo hiyo. Nikamuuliza, "Amekuchomea nani?" Akasema, "Nesi, nani tena." Nikauliza, "Nesi yupi?" Akasema, "Kwani wako wangapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kusuka mistari ya kwenda na kurudi.

Nilimfuata mdogo wangu kule alikokuwa anajenga. Nikamwambia, "Mkeo ananidanganya kuhusu chanjo, na sijui kwa nini." Akaweka tofali, akalipima, akasema, "Dada, achana naye. Ile sindano ya mwisho mtoto alipata homa, hatukulala, kesho yake nikajenga ukuta umepinda mpaka tajiri akaniamuru nibomoe. Labda anaogopa yasirudie." Nikamuuliza, "Wewe ndiye uliyemkataza?" Akasema, "Mimi? Mimi naulizwa lini kwenye nyumba ile?"

Nikarudi kwenye vichwa vya watu, maana mtu ukimshika nywele husema. Mmoja akaniambia ni woga, wapo wanaovumisha kwamba sindano zinafunga uzazi. Mwingine akasema hapana, ni mwajiri, mwanamke akiomba ruhusa mara mbili mwenye duka ananuna. Mwingine akasema nesi ana mdomo mchafu, aliwahi kumwambia mtu mbele za watu kwamba mtoto ananuka. Wa nne akasema ni mbali. Nikamwambia, "Mbali wapi, hata ukienda na ndala moja unafika." Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa la maana, na hakuna hata moja lililomfaa Pasi. Mtu haogopi sindano akaenda mpaka mlangoni kwake mara tatu. Asiyetaka haendi, analala.

Nikamuuliza mwenyewe. Nilimkuta anamnyooshea mumewe shati. "Wifi, nesi yupo. Watu wanachomewa watoto. Wewe unakwenda wapi?" Akaisukuma pasi taratibu, akasema, "Naambiwa hayupo." Nikamwambia, "Njia ya mwongo ni fupi." Akasema, "Basi mimi ni mwongo." Machozi yakamdondokea juu ya shati, akapitisha pasi juu yake, yakatoa mvuke. Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja, na nina hasira, na sijui hasira ya nani.

Katikati ya mambo hayo surua ikaingia mtaani. Kwanza tulisikia iko barabara ya pili, kisha nyumba ya kona, kisha tukaamka imo uani. Chumba kinachopakana na cha Pasi anakaa muuza mkaa, mwanamke mkimya, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Ana mtoto wa kiume, rika la Kibonge, mwembamba tunamwita Kijiti. Wale wawili walikuwa wanatambaa pamoja, wananyang'anyana kijiko kimoja, wanaogeshwa kwenye beseni moja ili kuokoa maji. Kijiti aliamka na mafua, macho mekundu yanatoa maji, halafu vipele vikaanzia nyuma ya masikio vikateremka mwili mzima.

Mimi nilisema moyoni, haya, ndiyo matokeo ya kutochanja. Muuza mkaa sikuwahi kumwona akienda kliniki, na kwa kuwa hasemi na watu, nilimhesabu miongoni mwa wale wanaosikiliza uvumi. Sikumuuliza, maana sikuona cha kuuliza.

Nilimfuata Pasi chumbani. "Mtoto umpe mimi." Akasema, "Wifi, nitampeleka." Nikamwambia, "Umempeleka mpaka amechoka. Kijiti anaungua hapo ukutani, na huyu wamekula naye kijiko kimoja jana. Unataka nini zaidi?" Akamshika Kibonge kifuani, akamtazama, akamtazama tena, kisha akanipa. Akaanza kutafuta cha kumvika. Akafungua sanduku, akatoa hiki akarudisha, akatoa kile akakirudisha. Nikamwambia, "Mvue kabisa, watamvua huko huko." Nikamfunga mgongoni na kifulana chake cha kulalia, nikachukua kadi yake ya kliniki, nikaondoka.

Kliniki foleni ilikwenda vizuri. Mlangoni pa chanjo kuna mhudumu, baba mmoja mwenye ufagio na funguo nyingi, anachungulia benchi kila mara kama mtu anayetafuta mdeni wake. Alinitazama, akanipita. Zamu yangu ikafika, nikaingia, na nesi alikuwepo. Yupo, mzima, kofia kichwani, sindano mkononi. Nikasema kimya kimya, Pasi, leo tutaonana.

Nikamteremsha Kibonge. Nesi aliposhika kadi yake alitulia. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama mlango. Lakini alimchoma vizuri, bila kumtesa, Kibonge akatoa mlio mmoja wa kudai haki yake akanyamaza. Nikiwa namfunga mgongoni nesi akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mama yake amekutuma useme nini?"

Nikasema, "Niseme nini?"

Akasema, "Hakukutuma?"

Nikasema, "Amenipa mtoto tu."

Akasema, "Basi. Mwambie... basi, usimwambie kitu." Akamwita anayefuata.

Nilitoka pale nimesahau hata mwavuli. Nesi ananiogopa? Anamwogopa Pasi? Pasi, ambaye akimkanyaga kuku anaomba radhi? Njia nzima nilikuwa najisemea peke yangu mpaka watu wakanipisha.

Nyumbani nilimpa Pasi maneno yake. Nikamwambia nesi yupo, anakula, anapumua, na leo amechoma watoto benchi zima. Akaapa. Akasema kila alipokwenda mhudumu aliwaambia nesi hayupo. Mdogo wangu naye akaingia kati, akasema tumwache, mtoto ameshachomwa, yameisha. Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, wewe fundi unalijua hilo kuliko mimi. Akasema ukuta anajenga kwa malipo, si kwa kelele za mawifi, akatoka.

Wiki iliyofuata Kibonge akapata homa. Haikuwa kali ya kutisha, lakini alikuwa wa moto, analia, na kifuani vimetokea vipele vichache vidogo. Sasa hapo ndipo ua mzima ulipochanganyikiwa. Mmoja anasema hiyo ni homa ya sindano, huja baadaye, hupita. Mwingine anasema ni surua ya Kijiti, sindano imechelewa. Mdogo wangu aliacha kazi akaja kusimama mlangoni, vumbi la saruji limemganda kwenye nyusi, anauliza, "Ni ipi? Niambieni ni ipi." Ungejua nilivyotamani kumjibu.

Pasi alikaa sakafuni, mtoto mapajani, akasema, "Ni mimi. Ni lile gauni."

Nikadhani naye homa imempanda. "Gauni gani?"

Ndipo akanieleza. Siku ile ya kwanza ya sindano ya surua hakuwa na cha kumvika Kibonge. Maneno ya yule mama wa benchi yalikuwa hayajaisha, yalikuwa yanamla ndani. Kule kazini kulikuwa kunaning'inia gauni la mtoto, la njano, lina vifungo vya lulu za uongo, lililetwa na doa la dawa ya zambarau kifuani. Doa lile Pasi alilitoa kwa mikono yake, siku mbili za ndimu na chumvi. Aliona kama ana haki nalo kidogo. Akalichukua jioni, alirudishe kesho yake baada ya kliniki, nani angejua. Akafika, benchi lote likamsifia mtoto. Akaingia ndani, na nesi alipoliona tu lile gauni akaruka, akasema, "Hilo umelitoa wapi?"

"Kumbe ni lake, wifi," Pasi akasema. "Kati ya watoto wote wa mji huu, nimeiba gauni la mtoto wa nesi. Nikakimbia. Nililifua tena, nikalipiga pasi, nikalirudisha kwenye henga. Na mpaka leo hajaja kulichukua. Linaning'inia hapo mbele yangu kila siku. Anangoja nini? Kwa nini haji kumwambia mwenye duka anifukuze, niishe? Kila nikienda kliniki naenda kumwomba radhi, na nikiambiwa hayupo, Mungu anisamehe, nafurahi."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na hiyo hata ya kuazima haikuwa. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, kwa sababu mtoto alikuwa anaungua na mimi nilikuwa namhurumia mama yake. Kazi ile ya pasi ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba kila mvua zikisimamisha ujenzi. Nikamwambia, "Gauni tutalizungumza baadaye. Naenda kumleta nesi."

"Usimlete hapa."

"Nani mwingine anajua hii ni homa ipi?"

Nilimkuta nesi anafunga masanduku yake. Nikamwambia yule mtoto mnene ana homa na vipele, na nyumba ya jirani kuna surua. Akauliza mambo mawili matatu ya maana, kisha akauliza, "Mama yake yupo?" Nikasema, "Awe wapi tena, si kwake?" Akasimama kidogo, akajipangusa mikono ambayo ilikuwa mikavu. Kisha akachukua mkoba wake akanifuata.

Tulipoingia, Pasi alikuwa amesimama ametupa mgongo, ananyoosha shati. Pasi yenyewe haikuwa imechomekwa. Nesi hakumwangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto, akamfungua macho, akamchungulia mdomoni, akasikiliza kifua, akavitazama vile vipele karibu kabisa. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, hapumui.

"Macho meupe," nesi akasema. "Hakohoi. Mdomoni safi. Kwa ninavyoona hii ni homa ya chanjo, huwa inakuja siku kama hizi na vipele vyake vichache. Mpeni maji, mnyonyesheni, mfutefuteni mwili. Lakini sitawadanganya, alikaa na mgonjwa kabla hajachomwa. Akianza kukohoa na macho kuwa mekundu, mleteni mbio. Kesho nitakuja tena."

Mdogo wangu alikaa chini pale pale kwenye kizingiti kama gunia lililokatwa kamba.

Basi, ndipo lilipotokea jambo ambalo nikilikumbuka sijui nicheke au nilie. Pasi aligeuka akasema, "Nesi, nisamehe lile gauni." Na wakati huo huo, neno kwa neno, nesi akasema, "Mama, nisamehe lile gauni."

Wakatazamana. Mimi nikasema, "Haya, sasa mmoja aanze, maana mimi nimeshapotea."

Akaanza nesi. Gauni halikuwa lake. Aliliazima kwa mama mwenye nyumba wake, ili yeye nesi mwanawe apigwe nalo picha, na dawa ya zambarau ikalimwagikia. Mwenye nyumba akiuliza, anaambiwa liko salama sandukuni. Akalipeleka kwa dobi kwa siri. Halafu siku hiyo anainua macho, anaona gauni limeingia kliniki na miguu yake. Akajua moja kwa moja kwamba mwenye nyumba amepita kwa dobi, amelikuta, amelichukua, na sasa amemtuma ndugu yake aje nalo ili amwaibishe kazini. Pasi alipokimbia, nesi akajua amekwenda kupeleka habari. Tangu siku hiyo kila alipomwona Pasi kwenye benchi alimwambia mhudumu aseme hayupo. Na kwa dobi hakukanyaga tena.

"Kwa hiyo ulikuwepo," nikasema.

"Nilikuwa stoo," akasema nesi. "Nimekaa juu ya boksi la pamba."

Pasi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akajishika ukuta, nesi naye akaangua, mimi nikacheka mpaka nikakaa kitandani, na mdogo wangu kule kizingitini, ambaye hakuelewa hata robo, akacheka kwa kuona tunacheka. Watu wawili wazima wamekimbiana kliniki nzima kwa sababu ya gauni la mtoto ambalo hata si lao. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na tukacheka upya. Tulikuwa tunacheka hofu yetu, nadhani. Mtu akitoka kwenye hofu hucheka chochote.

Tukiwa katika hali hiyo muuza mkaa akaja. Alikuwa amesikia kwamba nesi yupo. Alisimama nyuma ya mdogo wangu mlangoni, Kijiti mgongoni, akasubiri tumalize kucheka, kwa adabu zake. Kisha akasema, "Nesi, samahani. Vipele vya huyu vimekauka, lakini jicho halifunguki vizuri. Naomba umtazame."

Nesi akamtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama Kibonge. Akamwambia ampeleke hospitali kubwa kesho asubuhi, asingoje. Halafu, kwa ile sauti yake ya kazini, ile ya kukoroma, akamuuliza, "Na wewe mama, hawa watoto rika moja. Mbona huyu hukumleta achanjwe?"

Muuza mkaa akasema, "Nilimleta."

"Lini?"

"Siku ile nilikuwa nyuma ya huyu mama Kibonge kwenye foleni," akasema, akimwonyesha Pasi kwa kidevu. "Mhudumu akatoka akatuambia nesi hayupo, turudi nyumbani. Tukarudi sote tuliokuwa nyuma. Niliwaza nirudi tena, lakini nilikuwa nimeshafunga biashara siku nzima, mkaa hauuzwi na mtu mwingine." Hakusema kwa lawama. Alikuwa anajibu alichoulizwa.

Hakuna aliyecheka. Nesi alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga. Pasi alichukua lile shati alilokuwa analinyoosha na pasi ya baridi, akajifunika nalo uso.

Mimi nilikuwa nimemhukumu yule mwanamke tangu mwanzo, kichwani, bila kumwita shahidi hata mmoja. Nilimsogezea kiti. Alikataa, akasema nguo zake zina mkaa.

Kibonge alipona, homa ikaondoka kama ilivyokuja, na kukohoa hakukohoa. Nesi alikuja kesho yake na kesho kutwa, na siku ya tatu alikwenda kwa dobi akalichukua gauni, akalipeleka kwa mama mwenye nyumba, akamweleza yote, doa na picha na uongo. Yule mama akalishika, akaligeuza, akasema, "Hili? Mimi nilishalisahau. Mwanangu halimwingii siku nyingi. Ungemwachia tu huyo mtoto." Nesi alikuja kutusimulia hayo amesimama katikati ya ua, na sikujua kama anataka tumpe pole au tumpige.

Kliniki siku hizi nesi anachomea mlango wazi. Pasi huwapeleka Kibonge na Kijiti pamoja, mmoja mgongoni mmoja mkononi, ili muuza mkaa asifunge biashara. Kibonge anavaa shati la baba yake lililokatwa mikono, limenyooka, na akiachiwa ile nafasi kwenye benchi Pasi anaijaza kwa kapu lake. Mwenye duka hajajua kitu mpaka leo, na wewe usimwambie.

Lakini mimi bado sijaelewa. Naweka vidole kwenye kichwa cha mtu nawaza. Nimlaumu nani? Pasi alitaka mwanawe aonekane mtoto wa watu. Nesi alitaka asifukuzwe nyumbani. Yule mama wa benchi alitaka kuchekesha. Hakuna aliyemtakia Kijiti mabaya, hata mmoja, na ukiwapanga wote mstari, mimi nikiwemo, hupati mwenye kosa la kutosha kumfikisha pale.

Jicho la kushoto la Kijiti lilibaki na ukungu. Hospitali kubwa walisema wameokoa walichoweza. Sasa anatembea, mkorofi, anapenda kukaa miguuni pangu nikisuka na kunipokonya chanuo. Ukimpa kitu kwa upande wa kushoto anakipapasa hewani kwanza, halafu anageuza kichwa chote ndipo akione. Uani tumezoea, kila mtu humpa kwa kulia.